Droo ya Kushoto

Usiku ule nilipanda kitandani nimenuna, na niliyemnunia alikuwa mtu aliyekwisha kuzikwa. Nililala nyumbani kwa mama yangu, pembeni mwa mji wa Korogwe, kwa sababu asubuhi yake tulikuwa na safari ya makaburini. Hatukuwa tunakwenda kufagia wala kupanda maua. Mdogo wangu Festo alikuwa anapelekwa kuomba radhi. Mwenye kuombwa radhi ni Mzee Hiza, fundi aliyetufundisha sote wawili kazi ya kukereza na kutoboa chuma, ambaye alifariki masika yaliyopita.

Niseme kwanza ilivyokuwa, maana ndoto bila chanzo chake ni porojo.

Karakana ya Mzee Hiza ni ndogo. Ina mashine moja ya kukereza, moja ya kutobolea, na jiwe la umeme la kunolea. Wateja wetu ni wenye mashine za kusaga unga na watu wa mashamba ya mkonge: shafti imelika, bushi, kile kibomba kinachoishika shafti, imelegea, ipeleke kwa Hiza. Ukutani, karibu na mashine ya kutobolea, kuna kabati la droo tatu, na humo ndimo alimoweka vifaa vyake vyote vya kukatia. Droo ya kulia ilikuwa ya biti za kutobolea chuma. Ya kushoto, biti za kutobolea shaba ya njano. Ya kati ilikuwa na visu vya mashine ya kukereza, na hiyo hakutaka mtu aiguse hata kwa kiwiko. Ndivyo alivyotuambia siku ya kwanza, na hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Chuma na shaba havitobolewi kwa makali ya namna moja. Biti ya chuma ina makali yanayochimba. Ukiitia kwenye shaba inajichimbia ghafla, inakwama, halafu kipande kinazunguka nayo pamoja na mkono ulioshika. Hilo tulilijua kwa kulisikia. Makali ya shaba yanatengenezwaje, hilo Mzee hakulisema hata siku moja. Ikija kazi ya shaba alikuwa anakwenda mwenyewe kwenye droo ya kushoto, anatugeuzia mgongo, anainama, mabega yanacheza kidogo kama mtu anayejikuna kifuani, kisha anageuka na biti mkononi. Anaifunga mwenyewe, anatoboa mwenyewe, anairudisha mwenyewe. Na kila jioni alitutoa nje, akafunga mlango, akapanga vifaa vyake peke yake huku sisi tukisikiliza vyuma vikigongana ndani.

Tulijivunia jambo hilo. Mafundi wengine wa mjini walikuwa wanatupa vifaa vyao kwenye ndoo kama maganda ya muhogo. Sisi tulikuwa na Mzee mwenye mpango.

Alipofariki, mjane wake alitukabidhi ufunguo tuendelee na kazi. Mimi na Festo tukakubaliana kwamba kabati la Mzee halitavurugwa. Tulifuta vumbi juu ya droo, ndani hatukuingiza kitambaa. Kila kilichotoka kilirudi palepale kilipolala. Kwa miezi yote ile hatukumwaga droo hata moja mezani tukatazama kilichomo, kwa sababu tuliona ni kama kumvua marehemu nguo. Fundi asiyemjua Mzee Hiza angezimwaga siku ya kwanza, na leo Festo angekuwa na vidole vyake.

Ililetwa bushi ya shaba ya mashine ya kusaga. Festo akaenda droo ya kushoto, akachagua biti ya kipimo chake, akaifunga, akaishika bushi kwa mkono kama Mzee alivyokuwa akishika. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kukereza, nimempa mgongo. Nilisikia mlio mfupi, halafu Festo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada." Nilipogeuka bushi ilikuwa sakafuni na damu ilikuwa imefika ukutani. Hospitali walimwondoa vidole viwili vya kati vya mkono wa kulia.

Laiti watu wangesema ni ajali. Hawakusema. Mjini pale kila mtu alijua kwamba Mzee Hiza hakupenda vifaa vyake viguswe, kwa hiyo maana ilipatikana upesi: kijana kafungua droo ya marehemu bila ruhusa, marehemu kamshika mkono. Majirani walikuja kumpa pole huku wakimtazama kwa jicho la "umeyataka." Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Mama yangu, ambaye hakosi ibada hata mvua inyeshe mawe, naye akafuata mkumbo. "Baba wa kazi naye ni baba," akasema. "Mtoto akimkosea baba, anakwenda kupiga magoti." Kuku mweupe akatafutwa, na unga wa kukoroga kwenye maji ya kunyunyiza kaburini.

Lakini aliyeniumiza zaidi ni Festo mwenyewe, kwa sababu aliamini. "Nilimwibia, dada," aliniambia. "Nilichukua kabla sijapewa." Na hakutaka kuomba radhi tu. Alitaka kuapa juu ya kaburi kwamba hatagusa tena chuma maisha yake yote. Festo! Mtu ambaye akipita kwenye mashine ya kusaga anasimama barabarani kusikiliza kama beringi inalia. Kiapo cha kaburini kwetu hakirudishwi. Akishaapa, hata mimi nisingethubutu kumpa spana ashike. Nilibishana nao mpaka sauti ikanikauka. Mama akanifunga mdomo kwa neno moja: "Rehema, marehemu hasemwi."

Basi nikaenda kulala nimenuna.

Niko karakana. Sikumbuki kufungua mlango, nilijikuta tu nimesimama ndani. Ni mchana, na paa halipo. Jua linaingia lote lakini halina joto. Mashine zimefunikwa kanga za mama yangu. Hakuna mlio wowote, hata wa nzi.

Mzee Hiza amekaa sakafuni juu ya mkeka. Amevaa ile ovaroli yake ya buluu, kaifunga vifungo mpaka shingoni. Ana udongo mwekundu kwenye nywele na ndani ya masikio. Mbele yake kazimwaga biti zote, anazipanga mafungu mafungu kama mwanamke anayeuza nyanya, fungu hapa, fungu pale, moja kubwa juu kwa kupendezesha.

Nilisimama nikamtazama. Nilikuwa nimeota habari zake mara nyingine, siku zile za msiba, na mara zile nililia. Safari hii sikulia.

"Binti," akasema bila kuinua uso, "hujaniamkia."

Ni kweli, sikuwa nimempa shikamoo yake. Tangu nimjue sikuwahi kuingia karakana bila kuitoa, na yeye hakuwahi kuniruhusu kushika kitu kabla hajaipokea.

"Sijaja kukuamkia," nikasema.

Hata ndotoni nilijishtukia. Mkono wake ukakaa kidogo hewani na biti moja, halafu ukaendelea. "Kaa," akasema. "Panga."

Nikakaa. Sikutaka, lakini magoti yalishazoea sauti ile. Napanga biti kwa unene, kutoka nyembamba kama njiti ya kiberiti mpaka nene kama kidole. Nikimaliza, anapitisha kiganja, mstari unavurugika. Napanga kwa urefu. Anapitisha kiganja. Napanga zenye kutu peke yake na zinazong'aa peke yake. Anapitisha kiganja. Hasemi nimekosea nini. Ananitazama vidole tu, na mimi najua kwamba nimekuwa hapo miaka, kwamba nje nimeolewa na nimezaa na watoto wamekua, na bado napanga.

"Niambie unavyotaka," namwambia. "Nitaweka hivyohivyo. Niambie tu."

"Fundi haambiwi. Fundi anaona."

Lo! Maneno hayo nimeyala miaka na miaka kama ugali wa jana. Nikasema, "Tuonyeshe basi tuone! Mtu ataona nini mgongoni?"

Nilipoinama tena kuokota biti, hazikuwa juu ya mkeka. Zilikuwa zimening'inia kwenye kamba, katikati ya nyuzi za mkonge zilizoanikwa, nyeupe, ndefu, safu kwa safu mpaka macho yanapoishia. Natembea kati ya safu. Nyuzi zinanigusa uso zikiwa na unyevu. Kila nikifunua safu naona mgongo wa ovaroli ya buluu unatokomea kwenye safu nyingine. Namwita. Hageuki. Nakimbia, na mgongo uko palepale mbele yangu, na mabega yake yanacheza, kidogo tu, kama anayejikuna.

Nilifunua nyuzi nikaingia jikoni kwa Mama.

Moto unawaka mafigani. Mzee Hiza amekalia kigoda cha Mama. Katikati yetu, sakafuni, Festo amelala chali, mkono wenye bendeji ameuweka kifuani. Anapumua kama mtoto mwenye homa. Nataka kumfunika, sina shuka. Nataka kumwamsha, sauti haitoki. Mzee anasimama, anataka kwenda mlangoni, na kwa kwenda huko anainua mguu na kumruka mdogo wangu. Hakumzunguka. Alimruka kama mtu anavyoruka mtaro.

Hapo ndipo hasira ilinipanda mpaka nikaisikia kwenye meno. Kwetu hata mbwa aliyelala humruki ovyo, sembuse mtu, sembuse mtu anayeumwa. "Mzee Hiza!" nikapiga kelele. "Rudi! Rudi umruke tena!" Maana ndivyo tunavyofanya watoto wakirukana: aliyeruka anarudi kwa njia ileile, ili mwenzake asiharibikiwe.

Akasimama mlangoni. Hakurudi. Akafungua mlango, na nje ya mlango ni karakana tena, ila sasa ina paa, na ni jioni, na taa imewashwa. Akaingia. Nikamfuata kabla mlango haujafungwa.

Nilielewa ni saa gani. Ilikuwa ile saa yake ya kupanga vifaa, saa ambayo sisi hukaa nje. Na kweli, nawasikia nje. Nasikia Festo akicheka, cheko la zamani, na nasikia sauti yangu mwenyewe ikimwambia, "Nyamaza, Mzee anapanga." Mimi niko nje nasikiliza, na mimi niko ndani natazama, na sioni ajabu yoyote.

Mzee akavuta droo ya kulia. Akavuta ya kushoto. Akaziinamisha zote mbili, akamwaga biti mezani. Halafu akazizoa kwa viganja viwili, kama anayezoa pumba, akatupa mzigo mmoja kulia, mzigo mmoja kushoto. Hakutazama hata moja. Iliyoanguka kulia ikawa ya kulia, iliyoanguka kushoto ikawa ya kushoto. Akaishika ile droo ya kushoto akaitikisa kwa nguvu, biti zikagongana, akasogea mlangoni akaweka sikio kwenye mbao kusikiliza kama tunasikia.

Na sisi nje tulikuwa tunasikia. Nilijisikia nikisema kwa heshima, "Leo anazipanga za shaba."

Sijui niwaambie nini juu ya moyo wangu wakati ule. Nilidhani nitacheka. Nilitapika ndotoni, nikaona nimetapika vumbi la chuma.

"Ndio huo mpango?" nikamuuliza.

Akashtuka kunikuta ndani. Mezani palikuwa na bushi ya shaba, ileile, na alama ya damu imekauka kwenye ukingo. Akaichukua. Akaenda kwenye kabati, na mara hii akavuta droo ya kulia, ya chuma, akatoa biti ya kwanza iliyomgusa mkono. Kisha akanipa mgongo.

Miaka yote niliuheshimu mgongo ule. Safari hii nilizunguka. Nilipita kati yake na kabati, nikabana tumbo, nikasimama mbele yake uso kwa uso, na nadhani hakuna mwanafunzi aliyewahi kusimama pale.

Nilikuta mzee mwenye hofu. Sikutegemea hilo. Midomo ilikuwa imemkauka na macho yanapepesa kuelekea mlangoni, kama mtu aliyefumaniwa akila jikoni peke yake. Mkono mmoja umeshika biti, mwingine unatoka kwenye mfuko wa kifua na kipande cha jiwe la kunolea, kidogo, kimelika kama sabuni iliyokwisha. Akaliweka jiwe juu ya makali ya biti. Akasugua mara mbili tatu upande huu, mara mbili tatu upande wa pili. Mabega yakacheza. Makali yaliyokuwa yanachongoka yakawa bapa kiasi cha unene wa ukucha wa mtoto.

"Basi," akasema.

"Basi nini?"

"Basi. Imekuwa ya shaba."

Akaifunga kwenye mashine, akatoboa. Biti ikashuka taratibu, ikakwangua bila kuchimba, na vumbi la njano likamwagika sakafuni kama unga wa mahindi. Bushi haikutikisika mkononi mwake. Nami leo nafanya hivyohivyo kila ikija kazi ya shaba, mbele ya macho ya yeyote aliyesimama karibu, na shaba inatoboka bila kelele.

Alizima mashine. Akakaa ameshika ile bushi. Nje Festo alikuwa bado anacheka.

"Hakuna droo ya shaba," akasema. "Haijawahi kuwepo."

Nilimuuliza kwa nini. Niliuliza mara nyingi, na kila nikiuliza karakana inapungua, ukuta unasogea, mpaka tukawa tumesimama wawili mahali pembamba penye harufu ya udongo mbichi. Nilijua ni wapi. Sikuogopa, hasira ilikuwa imeshika nafasi yote.

"Kabla yenu nilifundisha wawili," akasema mwishowe. "Walipojua, waliondoka. Walifungua ng'ambo ya barabara. Nikakaa karakana peke yangu nikiwaangalia wateja wangu wakipita."

"Sisi tulibaki, Mzee."

Aliigeuza ile bushi mkononi.

"Sisi tulibaki," nikarudia. "Ulipougua nani alikubeba? Festo. Jeneza lako nani alishika mbele? Festo, kwa mkono uleule. Tungekwenda wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona mtu yule hana la kusema, na nawaambia kweli, halikunifurahisha kama nilivyodhani lingenifurahisha. Nilichoona ni uchoyo tu, uchoyo wa kawaida, kama wa jirani anayeficha kisima. Mtu kaishi nao, kazeeka nao, kaingia nao kaburini, na sisi nje tukauita hekima.

"Kesho analetwa kwako," nikamwambia. "Analetwa apige magoti. Anataka kukuapia kwamba anaacha kazi. Anasema alikuibia."

"Mwambie asije."

"Sema wewe."

"Mwambie asije," akasema Mzee Hiza. "Hakuniibia kitu. Hakukuwa na kitu cha kuiba."

Nilisubiri. Nilidhani lipo neno jingine nyuma ya hilo, neno ambalo mtu mzima analitoa akiwa ameharibu mkono wa mtoto wa mwenzake. Nikaona na yeye analitafuta. Amegeukia kabati, maana kabati limetufuata hata kule. Anavuta droo ya kulia, imejaa udongo. Anavuta ya kushoto, imejaa udongo. Anavuta ya kati, ile iliyokatazwa, anaingiza mikono mpaka kwenye viwiko, anapekua, anapekua, anatoa mikono mitupu. Ananitazama. Halafu akaanza kuupanga ule udongo mafungu mafungu juu ya kabati, fungu hapa, fungu pale, kwa uangalifu mkubwa.

"Mwombe msamaha!" nikapiga kelele. "Acha kupanga! Acha kupanga, mwombe msamaha mdogo wangu!"

Anapanga.

"Mzee! Acha kupanga!"

Nikaamka nimekaa, mashuka yamenizonga miguu, na Mama amesimama mlangoni na kanga kichwani. Kulikuwa kumepambazuka. Jogoo wa jirani alikuwa anawika kwa pupa kama kachelewa.

"Unamfokea nani asubuhi yote hii?"

"Mzee Hiza."

Mama akajishika kinywa. Akaingia, akakaa pembeni ya kitanda, akanishika goti. "Amekuja?"

"Amekuja."

"Nilijua. Kuku mmoja hamtoshi." Tayari alikuwa anahesabu kichwani pa kumpata wa pili. "Amesema anataka nini?"

"Hataki kitu, Mama. Niache nimwone Festo."

"Hebu niambie kwanza mimi, kwa utaratibu. Maneno ya marehemu hayasemwi ovyo."

"Haya ni ya Festo."

Festo alikuwa amekwisha kuamka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, amenyoa, amevaa shati jeupe ambalo mkewe alimfunga vifungo. Mkono wenye bendeji aliuweka juu ya paja, kiganja juu. Sijawahi kumwona amekaa vizuri hivyo; alikaa kama mtu anayesubiri kuitwa ndani kwa hakimu. Nilikaa kando yake. Sikuwa nimenawa uso. Mama alikuja akasimama nyuma yetu, na sikumfukuza.

Nilikuwa naweza kumpamba Mzee Hiza. Njia nzima kutoka chumbani mpaka kwenye ngazi, ambayo si njia ndefu, nilifikiria kumwongezea maneno. Ningesema amelia. Ningesema amesema, "Nisamehe, mwanangu." Nani angenikatalia? Watu wangefurahi, Mama angefurahi, na marehemu angebaki na sifa zake. Lakini sisi tumekula vya kuficha vya kutosha.

"Amekuja usiku," nikamwambia. "Amesema usiende."

Festo hakugeuka. "Amekasirika?"

"Hapana. Amesema hukumwibia kitu. Hakukuwa na kitu cha kuiba. Hakuna droo ya shaba, Festo. Alikuwa anazoa tu anatupa, kulia na kushoto, tusikie mlio."

"Na zile za shaba?"

"Hakukuwa na za shaba. Alikuwa anachukua yoyote. Unakumbuka alivyokuwa anatugeuzia mgongo? Mabega yanavyocheza? Alikuwa anasugua makali na kijiwe kidogo, yawe bapa. Basi."

Alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Nilimwona anaifunga ile biti akilini, anaiteremsha kwenye shaba, anaona inavyokwangua. Alikuwa anakubali, maana hesabu ilikuwa inakubali. Halafu uso ukambadilika.

"Kusugua tu?"

"Kusugua tu."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili tatu. Kila upande."

Akautazama mkono wake. "Amesema pole?"

Mama alinishika bega kwa nyuma, na nilijua anataka nijibu nini.

"Hapana," nikasema. "Hakusema."

Festo akaanza kulia. Tangu ajali alikuwa akilia kila siku, kilio cha kunyenyekea, cha mtu anayeomba asipigwe tena. Hiki kilikuwa kingine. Alilia amekaza shingo, akipiga ngazi kwa ngumi ya mkono mzima, akimtukana Mzee Hiza kwa jina lake bila kumtanguliza na "Mzee." Mama alisema, "Jamani, marehemu," nikamwambia, "Mama, mwache." Nilimwacha akalia mpaka jua likatufikia miguuni.

Hatukwenda kaburini.